Kikongwe wa angani asiye na breki

Leo naomba ruhusa tuyaweke kando mambo ya nyumba ndogo na wachumba wa kwenye daladala. Kuna aina nyingine ya mapenzi inayomaliza watu mifuko, na wanaomalizwa wala hawalalamiki. Nazungumzia mtu mzima na akili zake timamu, ana mke, ana watoto wa kusomesha, halafu anachukua mkwanja wake na kwenda kununua ndege ya jeshi ya mwaka 1940. Si ya abiria, si ya biashara. Ni ya kurukia yeye mwenyewe siku ya Jumamosi, tena kama upepo umekubali.

Ukisikia ndege ya jeshi usifikirie mabomu. Hizi ni zile za kufundishia. Kila jeshi la anga lina ndege ambayo kuruta anakabidhiwa kwanza ili aivuruge hiyo kabla ya kupewa ya bei mbaya, kama vile gari la shule ya udereva lenye herufi L nyuma. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilijikuta nazo tele, ikawa inaziuza kwa raia kwa bei ya kutupa. Kule New Zealand wajanja walizifunga matangi wakawa wanamwagia mbolea mashambani. Nyingine zilioza kwenye mabanda. Zile zilizopona ndizo hizi ambazo leo watu wazima wanazipapasa kama mtoto mchanga.

Bibi yao wote ni Tiger Moth wa kampuni ya de Havilland. Iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, na zilitengenezwa zaidi ya 8,000. Ina mabawa mawili juu na mawili chini, viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine, na injini ya silinda nne iitwayo Gipsy Major yenye nguvu za farasi 130. Yaani kwenye foleni yoyote ya magari hapa mjini utakuta saluni kadhaa zinazoizidi nguvu. Tangi la petroli liko katikati ya bawa la juu, juu ya vichwa vya watu, na mafuta yanashuka yenyewe kwenda kwenye injini kama maji ya tangi lililo juu ya paa la nyumba. Hakuna pampu. Kisichokuwepo hakiharibiki, bwana.

Halafu hii ndege si ngeni kwetu kama unavyodhani. Yule Roald Dahl aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapa hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1938. Vita vilipoanza akaendesha gari mpaka Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Waingereza Novemba 1939, na ndege aliyojifunzia ilikuwa Tiger Moth. Jamaa alikuwa na urefu unaokaribia mita mbili, sasa piga picha: kioo cha kuzuia upepo kimewekwa kwa mtu wa kawaida, yeye kichwa chote kiko nje, upepo unamjaa kinywani mpaka anashindwa kupumua. Ikabidi ajifunge kitambaa puani na mdomoni ndipo aweze kuendelea na masomo. Baada ya saa 7 na dakika 40 tu za kufundishwa akaachiwa aruke peke yake, chini yake nyika ya Kenya na wanyama wake. Katika wenzake 16 waliosoma naye Nairobi, walionusurika vitani ni watatu tu.

Kwa nini wakubwa wa jeshi waliipenda kwa kazi ya shule? Kwa sababu haifichi kitu. Rubani wa leo aliyezoea ndege za kisasa anaweza kukunja kona akiwa amelegeza miguu kwenye pedali na asijue. Ndani ya Tiger Moth shavu lako ndilo litakalokuambia. Ukikunja kona vizuri upepo unakupiga usoni sawasawa, ukizembea miguu ndege inateleza kiubavu na shavu moja linapigwa kibao cha baridi. Mwalimu anakaa kiti cha mbele, mwanafunzi nyuma, na enzi zile waliongea kwa bomba la mpira lililounganishwa na masikio, mfano wa kile kifaa cha daktari cha kusikiliza kifua. Nasikia matusi yaliyopita kwenye mabomba yale hayaandikiki gazetini.

Hata umbo lake ni la kijeshi. Kwenye ndege iliyoitangulia, bawa la juu na nguzo zake vilimzingira aliyekaa mbele, na jeshi likauliza, je, mwalimu aliyevaa parachuti atatokaje mambo yakiharibika? Basi wakalisogeza bawa mbele, kisha wakayapinda mabawa kurudi nyuma kidogo ili uzani ukae sawa. Ule mpindo unaosifiwa kuwa ni urembo, chanzo chake ni mwalimu kutafuta upenyo wa kuruka nje.

Kasheshe lenyewe liko ardhini. Tiger Moth ya asili haina breki. Nasema tena, haina. Nyuma badala ya gurudumu kuna chuma kinachoburuzwa kwenye majani, na hicho ndicho kinachopunguza mwendo. Ikiwa chini, pua imeelekea juu na huoni mbele, kwa hiyo unakwenda kwa kupindapinda kama mlevi ili uchungulie mara kushoto mara kulia. Upepo ukizidi inabidi wenzako watembee kando wameshika ncha za mabawa, maana ikiwa tupu ina kilo 500 hivi tu.

Na kutua je? Fizikia niliyoishia nayo kidato cha nne inatosha kulieleza hili. Magurudumu makubwa yako mbele, uzito mkubwa uko nyuma yake. Muulize dereva yeyote wa lori kuhusu kurudi nyuma na tela: ikianza kwenda pembeni kidogo, yenyewe inaongeza. Ndivyo ilivyo kwa ndege hizi. Ukigusa chini ukiwa umekaa upande hata kidogo, mkia unataka kuja mbele, na usipouwahi kwa miguu utajikuta umegeuka unatazama ulikotoka, bawa limelamba ardhi, na bili ya fundi inakusubiri. Ndiyo maana wenye rubani za bei mbaya bado wanazihitaji ndege za namna hii. Kile kikosi cha Uingereza kinachotunza ndege za vita kama Spitfire na Lancaster kina Chipmunk mbili, za kuwazoesha marubani kutua na ndege ya gurudumu la mkiani kabla hawajakabidhiwa hizo ambazo dunia nzima inazihesabu kwa vidole.

Kuiwasha nako ni shughuli. Hakuna stata. Watu wa zamani wanayakumbuka malori ya kupigwa hendeli. Hapa hendeli ni propela yenyewe. Mtu mmoja anakaa ndani, mwingine anasimama mbele. Kwanza vizuizi chini ya magurudumu. Kisha unaibonyeza kabureta mpaka iteme petroli kidogo, wale wa pikipiki za kizamani mnanielewa. Yule wa mbele anapaza sauti kuuliza kama swichi zimezimwa, wa ndani anajibu, propela inazungushwa taratibu injini ivute mafuta. Baadaye ndipo inatolewa amri ya kuwasha, swichi zinafunguliwa, na mshikaji wa mbele anaivuta propela chini kwa nguvu huku mwili wake unarudi nyuma. Kila neno linarudiwa na mwenzake. Anayefanya mzaha hapo anaweza kupoteza mkono, au zaidi ya mkono.

Sasa tuje kwenye mshiko. Wengi hawamiliki peke yao. Wanachangishana kama upatu, kila mtu na hisa yake, na wanagawana siku za kuruka, hanga, bima na fundi mwenye leseni. Tiger Moth inakunywa kama lita 30 za petroli ya ndege kwa saa. Hiyo ni nafuu. Kuna watu wana tamaa zaidi, wanakwenda kuchukua Harvard ya Kimarekani, ile yenye injini ya mviringo ya silinda tisa na nguvu za farasi 600. Hiyo inapita lita 100 kwa saa, na mlio wake unaamsha kata nzima. Afrika Kusini walifundishia Harvard mpaka mwaka 1995, kisha nyingi zikaangukia mikononi mwa raia.

Wengine wanapenda Mrusi, Yak-52. Ukiwa dereva wa Scania utaipenda, maana ni ya upepo. Breki ni upepo, magurudumu yanakunjwa kwa upepo, hata injini inawashwa kwa upepo uliobanwa kwenye chupa. Upepo ukiisha ujue umelala. Na kabla ya kuiwasha lazima uizungushe propela kwa mkono, kwa sababu oili inashuka na kujaa kwenye silinda za chini. Asiyefanya hivyo anapindisha vyuma vya ndani, na hapo ndoa inaingia majaribuni.

Kwa yule bibi Tiger Moth, kinachokula muda ni ngozi. Mabawa yake ni mbao zilizovishwa kitambaa. Zamani kilikuwa cha kitani, siku hizi wengi wanatumia cha poliesta. Kinavutwa, kinashonwa kwenye mbavu za bawa, kinapakwa dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma iliyowambwa. Jua linakila, unyevu unaingia kwenye mbao, panya wanajenga humo ndani bila kodi. Baada ya miaka kadhaa unafumua chote na kuanza upya.

Lakini kitambaa unakiona. Kinachoua ni usichokiona, na hapa naomba utani tuuache kidogo. Chini ya kiwiliwili cha Tiger Moth zinapita fimbo mbili za chuma zinazoyaunganisha mabawa ya chini, la kushoto na la kulia. Tarehe 16 Desemba 2013, karibu na Gold Coast huko Queensland, Australia, Tiger Moth iliyokuwa imebeba abiria mmoja kwa matembezi ilikuwa ikipiga sarakasi za angani. Bawa la kushoto likaachia. Rubani na abiria wake walikufa. Wachunguzi wa serikali ya Australia walipozitazama zile fimbo wakakuta zote mbili zimekatika, na kwenye hesi zake kulikuwa na nyufa za muda mrefu. Chuma kilikuwa kimechoka polepole, safari baada ya safari, na hakuna aliyekiona kinavyochoka. Fimbo za mtengenezaji wa asili zimewekewa kikomo: saa 2,000 za kuruka au miaka 18, unazitupa hata kama zinang'aa. Hizi hazikuwa za mtengenezaji wa asili, na zilikatika kabla ya kufika kikomo hicho.

Najua umeshaanza kuwaza zile spea za Kariakoo, kwamba jamaa walibana matumizi wakauziwa feki za uchochoroni. Hapana. Fimbo zile zilitengenezwa Australia kwa kibali halali cha kutengeneza spea. Karatasi zilikuwepo. Hilo ndilo lililowatia baridi wenye ndege hizi, maana mtu unaweza kumkwepa tapeli, lakini utamkwepaje mwenye mhuri? Tangu hapo mwenye Tiger Moth anayejielewa hakuulizi tu kama fimbo zimebadilishwa. Anauliza nani alizitengeneza, lini, na ziko wapi kwenye kitabu cha ndege. Anayenunua anasoma kitabu kile ukurasa kwa ukurasa kabla hata hajaigusa propela. Ndiyo kazi wanayosaidiana kupitia vyama kama de Havilland Moth Club, iliyoanzishwa mwaka 1975: kutafutana, kuonyana, kuambiana nani ana spea ya kweli.

Swali la mke nyumbani linabaki pale pale, na mimi namuunga mkono mama. Sarakasi za angani na ndege iliyomzidi mumewe umri, kwa nini? Kuruka taratibu jioni, kona za upole, kutua kabla jua halijazama, hiyo sina ugomvi nayo.

Kwa majirani zetu Wakenya, mambo haya ni historia ya nyumbani. Jeshi lao la anga lilipozaliwa tarehe 1 Juni 1964 lilianza na Chipmunk, mjukuu wa Tiger Moth, iliyochorwa Kanada na kuruka mara ya kwanza mwaka 1946. Hii ina paa la kioo, na ina breki, alhamdulillahi. Zile za jeshi la Uingereza ziliwashwa kwa baruti: unaingiza kasha kama la gobore, unavuta, pwaa! injini inaamka na moshi unafuka kama kumepigwa risasi. Waingereza waliendelea kuwapandisha vijana wao kwenye Chipmunk mpaka mwaka 1996, na nyingi walizoziuza bado zinaruka mikononi mwa raia.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye mambo yetu: mwanaume anayeficha simu yake kwenye pipa la unga. Msikose.