Mlingoti uko mtaani kwako. Mbona fundi si wewe?



Stima ikipotea mtaani, sote tunajua yanayofuata. Watu wanatoka nje, simu zinapigwa, matusi yanajaa mtandaoni. Baadaye gari linakuja na ngazi juu, kijana anafunga mkanda, anapanda, taa zinawaka, watoto wanapiga makofi. Halafu maneno ya maskani yanaanza: "Umeona? Hakuna mtoto wetu hata mmoja kwa lile gari. Tunabaguliwa!"

Ubaguzi upo, na hatutanyamaza. Lakini leo tuulizane swali tusilolipenda: nafasi zikitangazwa, ni wangapi kati yetu wana cheti cha kuziomba? Utalalamikaje kwamba barua yako imetupwa, na barua yenyewe hukuandika? Yule aliyepanda mlingoti hana kosa. Alisomea.

Na mtu asituambie vijana wetu ni waoga. Tunao wanaopanda usiku, bila glavu, kuunganishia jirani stima kinyemela kwa shilingi chache. Ujasiri wanao. Wanachokosa ni mafunzo, na kukosa huko ndiko kunakowaua. Tunazika, tunasema ni kadari, tunarudi maskani. Kadari tunaiamini, lakini isiwe pazia la uzembe wetu.

Sikiza aliyesoma anajua nini. Stima inayoingia nyumbani ni volti 240. Laini inayofika kwa transfoma ni volti 11,000, nyingine 33,000, na nyaya zake ziko uchi. Hata laini ikizimwa, bado si salama. Mtu akiwasha jenereta nyumbani bila swichi ya kuitenga na laini, stima inarudi kinyume kupitia transfoma, na zile volti 240 zinapanda tena kuwa maelfu. Ndiyo maana fundi aliyefunzwa anafuata utaratibu: anazima, anafunga swichi kwa kufuli na kuweka kibao ili mwingine asiwashe, anapima kwa kifaa, kisha anaiunganisha laini na ardhi pande zote mbili za pale anapofanyia kazi. Hapo ndipo anagusa. Hayo huyapati kwa kutazama video.

Na njia ya kusoma iko. Ukiwa na D ya KCSE unaweza kuingia kozi ya cheti ya ufundi wa stima. Ukiwa na C- unaweza kuchukua diploma. Wewe uliyejifunza mtaani kwa fundi, kuna mitihani ya NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Kenya Power ina chuo chake cha mafunzo Ruaraka, Nairobi. HELB inakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, si wa chuo kikuu peke yao. Leseni ya fundi wa stima inatolewa na EPRA. Na dada zetu, nanyi mumo. Mkanda hauna wa kiume na wa kike.

Wazee wetu waliliona hili zamani. Chuo tunachokiita leo Technical University of Mombasa kilianza kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education. Kilipata hati mwaka wa 1948, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora walichangia pesa ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Naam, ufundi! Sisi leo tunaiita elimu ya waliofeli. Mzazi anauza shamba mtoto apate digrii ya ofisini, kisha mtoto anakaa nyumbani akingoja ofisi isiyokuja.

Lakini lawama isiishie kwa kijana na mzazi. Muulize mbunge wako: basari ngapi zimeenda vyuo vya ufundi? Muulize MCA: chuo cha ufundi cha hapa kwetu kina mlingoti wa mazoezi, mikanda na glavu, ama ni ubao na chaki tu? Na kijana anayezungushwa kupata kitambulisho, hiyo leseni ataiomba na nini? Kila kampeni tunagawiwa fulana. Safari hii tuwaambie tunataka karo na vifaa.

Wiki hii fanya jambo moja. Toa cheti chako cha KCSE kabatini, nenda chuo cha ufundi kilicho karibu, uliza karo ni ngapi na usajili ni lini. Ukisoma, ukahitimu, ukaomba kazi na ukafungiwa mlango, tuletee barua zako. Hapo tutapiga kelele tukiwa na ushahidi mkononi, na hakuna atakayetuambia hatukusoma.

Kabla ya hapo, usipande. Mama yako anakuhitaji zaidi kuliko jirani anavyohitaji taa.

Mtumie mwenzako wa maskani asome.