Tairi Lililopasuka Lina Kesi

Wenye magari wengi wanaamini kwamba tairi likivimba au likipasuka hakuna wa kumlaumu. Kanunue jingine, uendelee na safari. Kiwanda kiko ng'ambo, nani atakusikiliza? Imani hii ni ya uongo, na ni ya hatari.

Wamarekani waliilipia kwa damu. Miaka ya 1990 matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye magari ya Ford Explorer yalikuwa yakibanduka kashata gari likiwa kwenye kasi, hasa kwenye majimbo ya joto, na magari yakapinduka. Kampuni iliwanyooshea kidole madereva: upepo mdogo, mzigo mkubwa, joto. Kesi za mwanzo zilimalizwa kwa suluhu za siri, kwa hiyo kila aliyepatwa alidhani yuko peke yake. Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kikalianika jambo hilo, na malalamiko yakamiminika kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Mwezi Mei uchunguzi ukafunguliwa. Agosti 9 Firestone ikatangaza kuyarejesha matairi milioni 6.5. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilifika 271. Kilichoisukuma kampuni kubwa namna ile ni barua na simu za watu wa kawaida zilizokusanyika mahali pamoja.

Fundi ataniambia matairi mengi huharibika kwa sababu ya upepo mdogo. Ni kweli, na kiwanda nacho kitaanza na jibu hilo hilo. Lakini tairi lenyewe ni shahidi. Lililotembea na upepo mdogo huacha alama ya kusagika kuzunguka ubavu wote. Lililogonga shimo huonyesha mpasuko mahali pamoja. Tairi ambalo bado jipya likibanduka kashata hadi waya zikabaki wazi, hapo kiwanda kina swali la kujibu. Sisi tunamwua shahidi huyo kwa mikono yetu: tunamwachia fundi wa pancha, na baada ya siku chache ameshakuwa makatambuga.

Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna namba. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwanzo wa namba unataja kiwanda. Ukiwa na namba hiyo, risiti na picha, unamwandikia muuzaji na mwagizaji, nakala kwa kiwanda, ukitaka majibu ya ukaguzi kwa maandishi. Usikubali kukataliwa kwa maneno ya mdomo kwenye kaunta, wala usilikabidhi tairi bila hati ya mapokezi. Mara nyingi fidia huwa ni sehemu ya bei kulingana na kashata zilizobaki. Ichukue, lakini dai ripoti pia.

Wakikupuuza, kuna pa kwenda. Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na fidia kwa hasara aliyoipata. Tanzania kuna Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, TBS.

Tairi lako likiharibika kabla ya wakati wake, lichukue urudi nalo nyumbani, uandike malalamiko wiki hiyo hiyo. Kuna familia itakayofunga tairi la namna hiyo mwezi ujao.