TAHARIRI: Mwenye moshi alipe, lakini mnyonge asionewe

DESEMBA 16, 2020, ofisa mchunguzi wa vifo jijini London alitoa uamuzi ambao haukuwahi kutolewa nchini Uingereza. Alisema kuwa hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyekuwa na pumu, aliyefariki Februari 2013. Nyumba yao ilikuwa jirani na South Circular, barabara yenye magari mengi. Uchunguzi wa mwaka 2014 haukuutaja moshi. Mama yake, Rosamund, ndiye aliyepigania jambo hilo liangaliwe upya. Mtoto yule hakuwa na gari. Wenye magari walipita wakaenda zao, moshi wao ukabaki, naye akauvuta.

Hapo ndipo penye kiini cha tozo ya moshi. Tangu Aprili 8, 2019, gari lisilokidhi kiwango likiingia katikati ya London hutozwa pauni 12.50 kwa siku. Eneo hilo lilipanuliwa Oktoba 2021, na Agosti 29, 2023 likaenea jiji zima. Kamera husoma namba za gari. Kwa kawaida gari la petroli la kuanzia mwaka 2006 husalimika, na la dizeli hutakiwa liwe la Septemba 2015 au baadaye. Kwa hiyo mtu hatozwi kwa kumiliki gari, bali kwa moshi anaowavutisha wenzake.

Wapo waliopinga vikali. Halmashauri 5 zilikwenda Mahakama Kuu, zikashindwa Julai 2023. Wengine walikata nyaya za kamera. Hata hivyo, hoja yao moja ina uzito: fundi mwenye gari kuukuu la kubebea vifaa vyake atatozwa, na tajiri mwenye gari jipya atapita bure. Je, hii si dhulma?

Ndugu Waislamu, wanazuoni wetu wamekemea vikali maks, yaani ushuru wa dhulma wanaotozwa watu njiani na masokoni. Lakini wanazuoni hao hao, hasa wa madhehebu ya Maliki, walijadili suala la mtu anayejenga tanuri au hamamu katika kiwanja chake, moshi ukawaingilia majirani. Kiwanja ni chake, tanuri ni lake, lakini kumdhuru jirani si haki yake, na jirani anaweza kumzuia. Hawakuliona gari, moshi waliujua. Kwa hiyo tunasema: tozo inayoondoa dhara si maks. Ikigeuka kuwa njia ya kukusanya mapato tu, itakuwa maks kwa jina jingine.

Basi tuipime kwa mambo manne. La kwanza, je, dhara limepungua? Ripoti ya jiji la London ya Machi 2025 ilieleza kuwa gesi ya naitrojeni dayoksaidi kando ya barabara ilikuwa chini kwa asilimia 27 kuliko ambavyo ingekuwa bila tozo, na zaidi ya asilimia 96 ya magari yalikidhi kiwango. Tozo ambayo walipaji wake wanapungua ndiyo inayotimiza lengo lake. La pili, fedha inakwenda wapi? Sheria ya huko inataka irudi katika usafiri. La tatu, mnyonge amesaidiwa? Zilitengwa pauni milioni 160 za kuwasaidia wenye magari machafu kuyaacha. Lakini msaada huo ulifunguliwa kwa wakazi wote siku chache tu kabla ya tozo kuenea jiji zima. Hapo wapinzani walikuwa na haki ya kulalamika: msaada hutangulia, tozo ikafuata.

La nne linatuhusu sisi moja kwa moja. Gari lililokataliwa huko huenda wapi? Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kuwa kati ya 2015 na 2018 magari mepesi milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 40 yake yaliletwa Afrika. Kuondoa moshi kwa jirani wa karibu na kumpelekea wa mbali si kuondoa dhara.

Kwetu, Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yanayoingizwa, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu bandarini. Likishavuka geti la bandari, nani anayeuliza tena habari za moshi wake? Tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya gari Tanzania imehamishiwa kwenye mafuta. Kwa kila lita, gari linalotoa moshi mweusi Kariakoo hulipa sawa na lililotunzwa vizuri.

Hatusemi miji yetu ikimbilie kamera. Tunasema ianze na kupima moshi kwa haki na bei nafuu, iongeze mabasi ya kutosha, kisha ndipo itoze. Nasi tusisubiri serikali. Mwenye gari au daladala alihudumie injini yake kwa wakati, na siku ya Ijumaa tusiache magari yakinguruma mlangoni mwa msikiti huku watoto wa madrasa wakipita nyuma ya eksozi. Mapafu yao ni amana mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.