Gitaa la jazz kwa simu: lipia mwezi, si mwaka

Ukiwa Woodley leo, kujifunza gitaa la jazz hakukulazimishi kuvuka mji. Unahitaji gitaa, simu, bundles na kadi pepe. Tangu 2022, mteja wa M-Pesa anaweza kupata kadi pepe ya Visa, GlobalPay, na kulipia masomo yaliyo Marekani au Uingereza bila akaunti ya benki. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kulipa kukiwa rahisi, kusahau nako ni rahisi. Maoni yangu: lipia mwezi mmoja mmoja, hata bei ya mwaka ikionekana tamu aje.

Tupige hesabu

Tuseme masomo ni dola 20 kwa mwezi, na dola ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 2,600 kabla ya ada. Ukifanya mazoezi nusu saa, siku nne kwa wiki, unapata saa 8 kwa mwezi: shilingi 325 kwa saa. Sawa kabisa. Ukifungua mara mbili tu, nusu saa kila mara, hiyo saa moja imekugharimu 2,600 yote.

Sasa tuseme mwaka mzima ni dola 150. Inaonekana bei ya kutupa, lakini utaokoa tu kama ungeendelea kulipa miezi 8 au zaidi. Mtu anayeshuka matatu Adams Arcade saa mbili usiku, amechoka, ajiulize ukweli: nitafika mwezi wa nane?

Video haioni mkono wako

Sisemi masomo ya mtandaoni ni bure. Jazz hujifunzwa kwa masikio. Wes Montgomery alijifunza kwa kusikiliza santuri za Charlie Christian na kurudia hadi akaweza. Video unayoweza kupunguza kasi na kurudisha nyuma inakufanyia kazi hiyo hiyo, tena bila kukwaruza santuri.

Shida ni kwamba video haitakwambia umekaza kifundo cha mkono, au mizani yako inakimbia. Na jazz ni mazungumzo; lazima awepo wa kukujibu. Hapa kwetu wapiga gitaa hawajawahi kukosekana. Shirati Jazz ya D.O. Misiani ilijiita jazz lakini ilipiga benga, na ule ufundi wa gitaa bado uko kwa wanamuziki wengi wa mji huu. Kwa hivyo usimalize bajeti yote kwa dola. Bakisha ya kumlipa mwalimu wa karibu, hata somo moja kwa mwezi. Pesa inabaki mtaani, na kosa la kidole linarekebishwa siku hiyo hiyo.

Kabla ya kubonyeza "lipa"

- Majaribio ya bure yakiomba kadi, andika kwenye simu tarehe yanayoisha, na uweke kikumbusho siku mbili mapema.
- Kufuta programu kwenye simu si kusitisha malipo. Ingia kwenye akaunti yako, sitisha huko, na uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha.
- Tarehe ikifika, jukwaa hujaribu kukata lenyewe. Halitauliza kama rent imelipwa. Chagua kulipa siku chache baada ya mshahara.
- Soma taarifa ya miamala kila mwezi. Malipo usiyoyatambua, piga simu huduma kwa wateja mara moja.
- Usimpe mtu PIN wala namba za kadi, hata akijiita mwalimu.

Mwisho wa mwezi, jiulize swali moja: naweza kupiga nini leo ambacho mwezi jana sikuweza? Kama kipo, hata kama ni nusu ya wimbo, lipa tena kwa roho safi. Kama hakipo, sitisha na uendelee na ulichokwisha kujifunza. Ukiwa tayari, masomo utayapata pale pale.