Mtoto Mchanga Naye Huumia

Wengi wetu tumesikia ikisemwa kwamba mtoto mchanga hulia kwa kushtuka tu, wala hajui maumivu. Kauli hii haikuwa ya mitaani peke yake. Hadi miaka ya 1980, katika baadhi ya hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipasuliwa hali wamepewa dawa ya kulegeza misuli na gesi hafifu tu, pasipo dawa thabiti ya kutuliza maumivu.

Hoja iliyotegemewa ilikuwa ya kifiziolojia, na yafaa walimu wa baiolojia waitazame pamoja na wanafunzi wao. Ilidaiwa kwamba neva za mtoto hazijavikwa barabara ala ya mielini, kwa hiyo haziwezi kupeleka habari za maumivu. Lakini hata kwa mtu mzima sehemu kubwa ya maumivu husafiri katika nyuzi za neva zisizo na mielini kabisa! Kukosekana kwa mielini huchelewesha ujumbe, hakuuzuii. Na kwa kiumbe mwenye urefu wa nusu mita safari yenyewe ni fupi. Tena, zile njia zishukazo kutoka ubongoni ili kupunguza maumivu katika uti wa mgongo huchelewa kukomaa. Yamkini mtoto huumia kutuzidi sisi.

Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio lililotikisa mazoea hayo. Watoto njiti waliopewa fentanili wakati wa upasuaji walitoa kiasi kidogo zaidi cha homoni za mfadhaiko, na walipata matatizo machache baadaye, kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Upasuaji, hata hivyo, huwapata wachache. Sindano humpata kila mtoto: hapa Tanzania, chanjo ya kifua kikuu mara azaliwapo, kisha nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wapo wanaotobolewa kisigino ili damu ipimwe. Hapa ndipo penye neno langu. Aghalabu mtoto huondolewa mikononi mwa mama, akalazwa mezani na kushikwa miguu, kana kwamba mama ni kikwazo cha kazi. Ilhali mwaka 2000 watafiti wa Marekani Gray, Watt na Blass walionyesha kwamba watoto waliolazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, walipotobolewa kisigino kilio chao kilipungua kwa asilimia 82. Kunyonya nako hutuliza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtoto apakatwe, anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake, na muuguzi asivute bomba nyuma kutafuta damu, maana huko ni kurefusha maumivu bure.

Nitaambiwa kwamba foleni ya kliniki ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Ni kweli, lakini mama ana mikono miwili ya kusaidia, nayo haidai mshahara. Bila shaka maziwa hayatoshi penye upasuaji. Hapo dawa ni lazima.

Wanafunzi wengi hufuatana na mama au dada zao kliniki. Walimu wawafundishe kusema kwa adabu: "Sista, tunaomba mtoto anyonye wakati anapochomwa."