Si kibanja tu, hata zeze la baba

Msiba ukishaanuliwa Muleba, kikao cha ukoo hakichelewi. Kibanja kina migomba na mibuni, kwa hiyo kina wenyewe, nao ni watoto wa kiume. Binti huambiwa yeye ni wa kwa mumewe. Ilipofika mwaka 1990 ndipo Mahakama Kuu, Mwanza, ilipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia anaweza kuliuza kama ambavyo mwanamume angeliuza. Kesi hiyo ilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, hapohapo wilayani Muleba, baada ya ndugu wa ukoo kupinga mauzo.

Ila kuna urithi ambao hakuna hakimu wa kuugawa. Baba akiwa fundi wa muziki, ufundi wake unakwenda kwa nani? Swali hilo linajibiwa vizuri na familia moja ya Kigogo iliyoko Bagamoyo, ya marehemu Hukwe Zawose.

Mzee Zawose alitoka Dodoma. Mwalimu Nyerere alivutiwa na uimbaji wake akamwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mmoja wa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipiga ilimba na zeze, akaimba kwa sauti iliyopanda na kushuka mpaka msikilizaji akadhani wako wawili. Mwaka 2002, akiwa na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, alizunguka Marekani katika ziara ya Peter Gabriel. Desemba 30, 2003 akafariki dunia. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Familia ikawa imepoteza viongozi wake wawili ndani ya muda mfupi.

Nyuma ya wanaume hao walikuwapo wanawake wakiitikia, na mmoja wao ni binti wa mzee, Pendo Zawose. Katika mila ya Wagogo mwanamke anaimba, tena kwa sauti zinazopishana kwa ustadi mkubwa, na anapiga ngoma ya muheme akiwa ameibana mapajani. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume, na kuongoza kundi vilevile. Kwa hiyo Pendo aliyajua yale yote ya nyumbani kwao, lakini mahali pake jukwaani palikuwa pameshapangwa.

Mwaka 2024 yeye na Leah Zawose, mjukuu wa mzee, walitoa albamu yao kwa jina la The Zawose Queens. Inaitwa Maisha, na imetoka chini ya Real World, lebo ileile ya Uingereza iliyotoa kazi za baba. Nyimbo ni zao wenyewe, wanaongoza wenyewe, na vyombo vilivyokuwa vya wanaume wanavipiga. Watayarishaji wawili wa Uingereza wameongeza mitambo ya kisasa hapa na pale. Wazee wengine huenda wasiipende sehemu hiyo, na wana haki yao. Lakini mwitikio wa Kigogo haukuzimwa, na anayejua kazi za mzee hatapata shida kutambua nyumba iliyotoa sauti hizo.

Msomaji wa Bukoba hana haja ya kuona hili ni jambo la mbali. Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba Vijijini, alipotoka na nyimbo za Kihaya mwaka 2001 alisikilizwa hata na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Miaka 15 baadaye Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo wake, na vijana wengi wakadhani ni mpya.

Enanga yenyewe, ule ubao uliochongwa na kufungwa nyuzi, imekuwa kwa muda mrefu mikononi mwa wanaume, wakiimbia tendi za mashujaa wa Kihaya. Mafundi wengi ni wazee. Wapo wanaolalamika kwamba watoto wao wa kiume wamekwenda mjini kuendesha bodaboda na hawataki kujifunza. Ukiwauliza kuhusu mabinti, wengine hucheka kwanza, kama vile swali halikuwa la kweli.

Pendo alianza kwa kukaa nyuma na kuitikia. Hakuna aliyemwandikia wosia wa ilimba.