Habari za Juma Ikangaa wa Dodoma, na Neno la "Hayo si Yetu"



Nataka kusema na wenzangu, wanachama na makarani wa Dodoma, juu ya neno moja nilisikialo karibu kila siku kazini, nalo ni hili: "Hayo si yetu." Likitoka tangazo la nafasi za masomo, husemwa hayo si yetu, ikitajwa mitihani ya kupandia cheo, husemwa hiyo ni ya watu wa Kilimanjaro na Bukoba waliosoma shule kubwa, na sisi watu wa nchi kavu kazi yetu ni kubeba mafaili. Hivi karibuni katika ofisi moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, makarani wanane walipewa karatasi za kuombea masomo, na aliyeijaza ni mmoja tu. Wale saba hawakukataliwa na mtu yeyote. Walijikataa wenyewe, kisha wakaenda kunywa chai.

Najua neno hili halikuzuka bure. Nchi hii imeonja shida. Wazee wetu walituhadithia njaa ya Mtunya, iliyowaua watu wengi sana wa Ugogo wakati wa Vita Kuu ya kwanza na baada yake, na tangu hapo wageni wamezoea kuitaja Dodoma kuwa ni nchi ya vumbi, mibuyu na njaa. Mtu akiambiwa jambo miaka mingi, huishia kuliamini hata yeye mwenyewe. Lakini mji huu huu ndiko alikozaliwa Juma Ikangaa, mwaka 1957, na nashangaa jinsi vijana wetu wa leo wasivyozijua habari zake, ilhali majina ya wacheza mpira wa Ulaya wanayo yote vidoleni.

Ikangaa alikuwa askari wa jeshi letu, mtu wa kimo kifupi, na mbio zake zilikuwa za marathoni, yaani mwendo wa maili 26 na zaidi kidogo. Desturi yake ilikuwa kutangulia. Wakimbiaji wengi wenye akili hujificha nyuma ya wenzao, wakaacha mwingine apigwe na upepo, kisha hutoka mwishoni wakiwa na nguvu zao. Yeye hakupenda hivyo. Mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga walitoka mbele wakawaacha watu mbali sana. Robert de Castella, mwenyeji wa Australia, aliwafuata pole pole hata akawafikia. Hapo watu wengi wangalivunjika moyo, maana hakuna jambo lichoshalo kama kufikiwa. Lakini Ikangaa alipopitwa alimpita tena yule Mwaustralia, akapitwa, akampita tena, mpaka nguvu zikamwisha. Alishindwa kwa sekunde 12, akapata saa 2, dakika 9 na sekunde 30.

Mwaka 1983 huko Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko alimshinda kwa sekunde 3. Mwezi wa Aprili 1988 huko Boston, Marekani, Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Nakuombeni mfikiri maana ya sekunde moja baada ya kukimbia saa mbili na dakika nane. Akarudi Boston mwaka 1989, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia.

Basi, kama ni mtu wa "hayo si yetu", hapo alikuwa na hoja zote mkononi. Angaliweza kusema kuwa Mungu amemwandikia nafasi ya pili, na hakuna ambaye angalimlaumu. Walakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1989 alikwenda New York, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na mtu wa pili, Mmarekani Ken Martin, alimfuata baada ya zaidi ya dakika moja na nusu. Muda ule haukuvunjwa katika mbio za New York mpaka mwaka 2001. Na ili mtu asidhani kuwa baada ya ushindi mambo yote hulainika, mwaka 1990 alirudi Boston, akawa wa pili mara ya tatu mfululizo.

Naona watu wengi wanakosea maana ya kujiamini. Wanadhani ni majivuno, au ni kukaa kitandani na kujiambia "nitashinda, nitashinda". Mtu akijiambia hivyo asifanye mazoezi, ameota tu. Kujiamini kwa Ikangaa kulionekana katika mambo mawili: kwanza, alithubutu kukaa mbele ambako kila mtu angemwona akishindwa, na pili, asubuhi baada ya kushindwa alivaa viatu vyake tena. Hili la pili ndilo gumu zaidi. Karani aliyeanguka mtihani mara moja hufunga vitabu vyake akavigawa, kama vitabu vya marehemu.

Katika jambo hili nina ugomvi kidogo na walimu na wahubiri wetu. Kila wakitaka kututia moyo hutusimulia habari ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika mbio za Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani akichechemea, amefungwa kitambaa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi kufika. Habari hiyo ni kweli na ni ya heshima. Lakini huikatiza hapo, kana kwamba fahari yetu sote ni kufika wa mwisho kwa uvumilivu. Hawasemi kuwa mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni akawa mtu wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mimi ningependa watoto wafundishwe habari za 1970 pamoja na zile za 1968.

Kuna atakayesema kuwa mbio ni miguu na mitihani ni kichwa, na kuwa Ikangaa alipewa na jeshi nafasi ya kufanya mazoezi, na sisi tunarudi nyumbani jioni tumechoka, watoto wanalia na taa imezimika. Hoja hii ina haki yake, wala siipuuzi. Imani peke yake haijazi tumbo, na mtu asiye na kitabu hawezi kukisoma. Lakini mwenye kuamini kuwa anaweza hutafuta kitabu, hata cha kuazima. Asiyeamini, hata ukimpa kitabu, atakifanya kifuniko cha mtungi.

Tena jirani zetu wa Singida wametuonyesha jambo jipya. Alphonce Simbu, mzaliwa wa huko, naye askari, alipata nishani ya shaba katika mashindano ya dunia huko London mwaka 2017. Baadaye alipata mema na mabaya. Mwaka 2024 kule Paris alikuwa wa 17, na wengi wakasema siku zake zimepita. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo alikimbia maili zote 26 akaingia uwanjani na wenzake wawili, na katika mita za mwisho Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake. Walivuka mstari pamoja, wote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikawa lazima picha itazamwe. Simbu alishinda kwa mafungu matatu ya sekunde iliyogawanywa mia. Jana yake, mshindi wa mbio fupi za mita 100 alimzidi mwenzake kwa mafungu matano! Ndiyo nishani ya dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia.

Sasa nina ombo moja kwa Chama. Katika mkutano ujao, Halmashauri ifikirie kufungua darasa la jioni, siku mbili kwa juma, kwa wale wanaotaka kufanya mitihani. Wanachama waliokwisha kufaulu wawe walimu, na kwanza kabisa waitwe wale walioanguka mara moja au mbili kabla ya kufaulu, maana hao ndio wanaojua mahali penye shimo. Mimi niko tayari kufundisha hesabu na uandishi wa barua bila malipo. Na yule karani mmoja aliyejaza karatasi yake, nikipata ruhusa yake, nitamleta siku ya kwanza.

Ni mimi,
Karani wa Dodoma